Hongo ya Kilwa na Hongo ya Buha: Wafungua Njia Tuwasomeje?

Wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja, na mimi nimo. Tukishika riwaya tunaihoji mpaka inatoka jasho: nani anasimulia, anasimulia kwa niaba ya nani, nani amenyimwa sauti. Lakini tukishika kitabu cha safari cha Mzungu, maswali yote hayo tunayaacha mlangoni pamoja na viatu. Eti kile ni historia, si fasihi. Tunachota humo tarehe na majina ya mito, tunakwenda kujibia mtihani, basi. Makala haya yanajaribu kuvihoji vitabu hivyo kama tunavyohoji kazi yoyote ya sanaa, na swali langu ni moja tu: msafiri "mfungua njia" anapofika mahali panapotakiwa malipo, kitabu kinayaitaje malipo hayo?

Nimechagua mahali pawili. Pa kwanza ni pwani yetu kati ya 1498 na 1502, wakati wa Vasco da Gama. Pa pili ni kwetu Buha, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa humo mwaka 2012, ambako Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akielekea Ujiji. Najua kuna atakayeuliza bahari na milima ya Kasulu wapi na wapi. Avumilie kidogo. Njia ya baharini haikuishia ufukweni.

Tuanze na da Gama. Alitoka Lisbon Julai 1497, akazunguka ncha ya kusini ya Afrika, na Machi 1498 akafika kisiwa cha Msumbiji. Shajara ya safari ile ipo. Mwandishi wake hakujitaja jina, ingawa wengi wanadhani ni Álvaro Velho. Ni shajara nzuri kusoma kwa sababu mwandishi ni mkweli kuliko anavyokusudia. Anatuambia bila aibu kwamba walipofika Mombasa, mwezi wa Aprili, waliwamwagia mateka wawili mafuta ya moto ya kuchemka ili waseme kama kuna njama. Anatuambia pia kwamba huko Malindi mfalme aliwatumia kondoo, karafuu, tangawizi, pilipili na viungo vingine, na da Gama akarudisha kofia, vikengele, mabeseni na marijani. Hebu mwangalie mfalme huyo akipokea vikengele. Ukarimu wake ulikuwa na sababu: Malindi na Mombasa zilikuwa hazipikiki chungu kimoja, na mgeni mwenye mizinga ni mgeni wa kukaribishwa.

Da Gama alichotaka Malindi ni kitu kimoja, rubani. Rubani alipochelewa, akamkamata mtu wa karibu wa mfalme aliyekuja melini kwa wema na kumshikilia mpaka rubani aletwe. Akaletwa. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, na kabla majuma manne hayajaisha wakawa wanaitazama India kwa macho yao. Walifika Calicut tarehe 20 Mei.

Hapa ndipo wasomi wetu wanapopotezea muda. Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Omani na mtunzi wa mashairi ya unajimu. Habari hii ilipata nguvu katika karne ya 20 kupitia Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyeegemea maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa miongo mingi baada ya tukio. Watafiti waliomfuatia wameikataa, na nadhani wana haki: shajara haimtaji, na wakati ule ibn Majid alikuwa mzee. Wanahistoria wa Kireno wenyewe wanamtaja mtu mwingine, mtu wa Gujarati, wanayemwita Malemo Cana au Canaqua. Sasa lisome neno hilo "Malemo" kwa sauti. Ni mwalimu! Mreno alisikia watu wakimwita mwalimu, cheo ambacho mabaharia wa Bahari ya Hindi walimpa mjuzi wa nyota na njia chomboni, akadhani ndilo jina lake. Mtu aliyeivusha Ureno mpaka India ameingia katika vitabu vyao kwa jina la kazi yake, kama sisi tunavyosema "fundi" au "dereva". Tunahangaika kumtafutia jina kubwa, wakati cheo chake kinatosha kutuambia kwamba ile ilikuwa kazi ya kila mwaka, yenye watu wake na shule yake.

Anayetaka ushahidi zaidi asome safari ya kurudi. Da Gama aliondoka India bila kungoja upepo wa kaskazi ukae sawa, na bila mwalimu wa kumshauri. Bahari ileile aliyoivuka kwa majuma machache ikamchukua karibu miezi mitatu. Watu 30 wakafa humo kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki wenye nguvu katika kila merikebu wakahesabika kwa vidole. Januari 1499 wakafika tena Malindi, na baadaye kidogo, kwenye mafungu ya Mtangata upande wa Tanga, wakaichoma moto merikebu yao São Rafael kwa sababu mabaharia wa kuiendesha walikuwa wamekwisha. Kama njia ile ilikuwa "haijafunguliwa", basi naomba nielezwe tofauti ya majuma manne na miezi mitatu inatoka wapi.

Sasa tuje kwenye malipo. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu. Safari hii hakugawa vikengele. Alitia nanga Kilwa, akamtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, kwamba mji utapigwa mizinga, na akaondoka na dhahabu mithqali 1,500 ikiwa ni kodi kwa mfalme wa Ureno. Kilwa haikuwa inapita katika nchi ya Wareno. Haikuvuka mto wao wala kunywa kisima chao. Ilikuwa imekaa kwake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida akaja kuiteka kabisa, kisha akaichoma Mombasa.

Dhahabu ya Kilwa haikupotea. Sonara Gil Vicente aliifua, na mwaka 1506 akamaliza chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kile ambacho Wakatoliki wa kwetu wanakiita monstransi, kwa ajili ya monasteri ya Belém. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale huko Lisbon na kinahesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa za ufuaji dhahabu wa Ureno. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba sonara huyu ndiye yule Gil Vicente wa tamthiliya, baba wa drama ya Kireno. Kama ni kweli, basi wenzetu wanaosoma historia ya drama wana jambo la kufikiria. Mimi ninachotaka msomaji akishike ni kwamba malipo ya Kilwa yana jina la heshima katika vitabu: ni kodi, ni utii. Na yamegeuka kuwa sanaa.

Kutoka pwani mpaka Buha ni safari ya miezi kwa miguu, lakini bahari ilikuwa imetutangulia kufika. Hakuna mpelelezi aliyeleta kwetu muhogo, mahindi na maharage. Ni mimea ya Amerika iliyoingia pwani za Afrika kwa merikebu za Wareno na wenzao baada ya 1500, kisha ikapanda bara mkono kwa mkono, shamba kwa shamba. Leo ukimwambia mtu wa Kasulu kwamba maharage yametoka ng'ambo ya bahari mbili atakuona umechanganyikiwa na vitabu. Hiyo ndiyo njia ya biashara ya mbali ambayo haikuandikiwa kitabu cha safari, kwa kuwa waliobeba mbegu walikuwa wanawake waliokwenda kusalimia kwao.

Na nguo. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaijaza Unguja vitambaa vya pamba ambavyo mpaka leo tunaviita merikani. Doti moja, yaani yadi nne, ikawa sarafu ya barabara nzima kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kwa hiyo mwami wa Kiha aliyekaa juu ya kilima chake, ambaye hajaiona bahari wala hana hamu nayo, alikuwa ameshika mwisho wa kamba ambayo mwanzo wake uko kiwandani Amerika. Na alilijua hilo vizuri, kama tutakavyoona.

Buha wakati ule haikuwa pori. Ilikuwa na falme: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na nyingine kadhaa, kila moja na mwami wake, na chini yake watware wa kila eneo. Kusini yake ziko chemchemi za chumvi za Uvinza. Uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanywa huko miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakipika chumvi pale tangu karne za kati ya milenia ya kwanza. Yaani miaka kama 900 kabla da Gama hajazaliwa watu walikuwa wanakwenda na kurudi na mizigo ya chumvi vichwani. Watu wa nje waliokuja kupika chumvi walitoa sehemu yake kwa watawala wa Vinza. Ulitumia chemchemi ya mwenyewe, umempa chake. Hapakuwa na kelele.

Katika nchi ya namna hii ndipo alipoingia Stanley. Mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeziba njia ya kawaida, ikabidi azungukie kusini na kutokea Uvinza. Mwanzoni mwa Novemba, kwa hesabu ya kitabu chake *How I Found Livingstone* cha 1872, akavuka kuingia Buha, si mbali na mto Rusugi. Huko akakutana na mkubwa mmoja anayemwita Mionvu.

Sehemu hii ya kitabu naiona bora kifani kuliko hata ile ya "Dr. Livingstone" ambayo kila mtu anaijua. Stanley anamchora Mionvu kwa wino wa kumvutia: mrefu, umbo zuri, amejifunga nguo nyekundu, anaongea kwa utulivu. Anakaa, anauliza hali, kisha anadai doti 100. Stanley anatoa kumi. Mionvu hapandishi sauti. Anamuuliza mgeni kama anataka amani au vita, na anaondoka kumwachia nafasi ya kufikiri. Stanley, mwenye bunduki, anawaza kupigana. Wenyeji wa msafara wake, Sidi Mubarak Bombay na wenzake, wanamwambia bwana, lipa, nchi hii ni ya kupita kwa utulivu. Bombay alikuwa amewahi kupita barabara ya Ujiji na Burton na Speke mwaka 1857 na 1858, alijua anachosema. Mwisho Stanley akalipa doti 75.

Kesho yake mkubwa mwingine akadai doti 30. Stanley akaambiwa mbele wapo wengine watano. Hapo ndipo kitabu kinapobadilika sauti. Mionvu mwenye adabu anageuka kuwa mmoja wa genge la walafi, na nchi nzima ya Waha inakuwa pango la wanyang'anyi. Tukumbuke kwamba hiki ni kitabu cha mwandishi wa gazeti anayeandika ili kiuzwe. Kizuizi kinatakiwa kionekane kikubwa ili mrukaji aonekane mrefu.

Tuseme ukweli, doti 75 zilikuwa nyingi. Hata Waarabu na Wanyamwezi walilalamikia hongo za Uha, na sitaki kuwafanya mababu zangu malaika. Watware wengine walijipimia kwa kutazama ukubwa wa mzigo wa mgeni. Lakini hongo haikuwa malipo ya bure. Aliyelipa alipata ruhusa ya kununua chakula, kuchota maji na kulala bila kushambuliwa, na mtawala akichukua hongo usalama wa msafara ukawa juu yake. Leo tunalipa ushuru getini na kupewa stakabadhi. Kwa bahati mbaya Mionvu hakuwa na stakabadhi. Mbaya zaidi, neno lenyewe hongo limeporomoka. Siku hizi ukilitamka msomaji anafikiri afisa aliyefungua droo ya meza. Neno lililokuwa na maana ya haki ya mwenye nchi sasa lina maana ya wizi wa mwenye ofisi, na sidhani kwamba vitabu vya wapelelezi havikuchangia.

Stanley akaamua kupita bila kulipa. Akampa kiongozi wa njia doti 12, na usiku wa mbalamwezi msafara ukatoroka kambini kwa makundi madogo madogo, ukakwepa njia zote zinazojulikana, ukaingia porini. Ukakimbia hivyo kuvuka Rusugi na kuendelea. Wakati wa maficho hayo kuna tukio moja la nusu ukurasa ambalo wengi wanalipita haraka. Mwanamke mmoja wa msafarani, mke wa mmoja wa watu wake, alianza kupiga mayowe. Stanley anasema hapakuwa na sababu. Akamziba mdomo kwa mkono, mwanamke akapambana. Akachukua mjeledi, akampiga, akamwuliza kama atanyamaza, mwanamke akakataa, akampiga tena, na tena, mpaka pigo la kumi. Kisha akafungwa kitambaa mdomoni na mikono nyuma.

Jina lake hatupewi. Hatuambiwi alikuwa anasema nini, maana mayowe ya mtu yana maneno ndani yake. Labda miguu ilikuwa imekwisha. Labda aliona kitu. Labda alikuwa na akili kuliko wote, akataka Waha wasikie ili hongo ilipwe na watu walale. Ninachojua ni kwamba katika kitabu chenye kurasa mamia, mtu pekee aliyejibu "hapana" mbele ya mjeledi, tena mara nyingi, ni huyu, na mwandishi anamweka pale kama kelele tu. Nikiulizwa mhusika mkuu wa sura ile ni nani, simtaji Stanley.

Siku chache baadaye msafara uleule ulionyata gizani ukaingia Ujiji mchana, bendera ya Marekani mbele, bunduki zikipigwa hewani ili watu watoke kushangilia. Nadhani hakuna tashtiti ya kutunga inayoweza kuushinda mpangilio huu. Kwenye nchi yenye mwenyewe anayedai chake, mpelelezi ananyata. Kwenye mji uliokwisha zoea wafanyabiashara wa pwani, anapiga baruti. Na hapo ndipo "ugunduzi" unapoandikwa.

Yapo mengi ya kusema juu ya ziwa lenyewe, nitasema moja. Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, wakakodi mitumbwi kwa mtawala wa huko, Kannena, na Aprili wakapiga kasia mpaka Uvira wakitaka kujua mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji wa Uvira wakawaambia: unaingia. Wakarudi. Huko London mabishano yakaendelea miaka 13, mpaka Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipokwenda kwa mtumbwi, wakaangalia, wakaandika: unaingia. Sasa ikawa elimu. Ni mwalimu wa Malindi tena, safari hii hata kwa cheo chake hatajwi.

Wapo watakaosema namwonea Stanley kwa kumsoma kwa macho ya leo. Sivyo. Nampima kwa Kilwa. Kama mithqali 1,500 zilizochukuliwa kwa mizinga kwenye mji wa watu ni kodi, basi doti 75 zilizodaiwa na mwenye nchi kwa maneno, akiwa amekaa kwake, haziwezi kuwa unyang'anyi. Vitabu viamue neno moja lifae pande zote mbili. Na sisi tunaovisoma tusikubali kubadilishiwa msamiati katikati ya njia.

Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu kwenda manamba Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama vijana wengi wa Kiha wa wakati wake. Alipanda gari moshi Kigoma, akaenda kukata mkonge, mmea ambao nao ulivuka bahari: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Amerika, ikapona 62. Mkataba aliutia kidole gumba. Katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kuifikia Bahari ya Hindi, na tukimtania kwamba ndiye aliyeigundua alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Hakuandika kitabu. Lakini alikuwa na simulizi ya Jumapili ya kwanza, wenzake walipompeleka ufukweni. Alisimama, akaingiza mkono majini, akaonja. Akawageukia wenzake akauliza, kwa Kiha, chumvi yote hii mwenyewe ni nani, na anatoza kiasi gani.